Damu Iliyosahau

Duka la Masima pale Kibaigwa lilikuwa na ulimi wake ukutani, kando ya mizani, kama maduka yote ya Kanda ya Kati. Kilikuwa kisanduku cha ukubwa wa kitabu cha nyimbo, chenye kijiko cha chuma kilichochomoza kwa mbele. Mzigo mpya ukifika, muuzaji huchana paketi moja katika kila katoni, huweka punje ya chakula kwenye kijiko, kisha husubiri. Taa ikiwaka nyekundu, katoni nzima hurudi ilikotoka. Ikiwaka kijani, inasikika sauti ya mwanamke wa makamo, pole na ya kubembeleza: "Kula, mwanangu. Ni salama."

Sauti ilikuwa ya Mwaja. Na siku ile alipoingia kununua chumvi, ilikuwa ikimwambia Masima kwamba katoni ya kaukau ni salama.

"Shikamoo, Mama Ulimi," Masima alisema akicheka. "Umekuja kujisikiliza?"

"Marahaba, baba. Nimekuja kununua chumvi."

"Chumvi haikimbii. Umesikia ya Mwalimu Mnyampala?"

Hakuwa amesikia. Masima akaegemeza viwiko mezani, maana habari ile alikuwa ameshaitoa mara kumi tangu asubuhi na kila mara iliongezeka utamu. Mwalimu Mnyampala, mstaafu, mmoja wa wagonjwa wa kupe wa mwanzo kabisa pale mjini, wale ambao kuumwa na kupe kumewafanya wadhurike na nyama na maziwa, jana asubuhi alikunywa chai ya rangi na biskuti za mtama anazooka Sechelela. Saa nane mchana, akiwa katikati ya mazoezi ya kwaya, midomo ilimvimba, mwili ukamtoka mabaka, akaanguka juu ya kinanda. Sasa alikuwa hospitali, anapumulia mashine.

"Yu hai?" Mwaja aliuliza.

"Yu hai, ila hajui jina lake. Bodi ya Vyakula imekuja na gari mbili. Wamezoa biskuti zote, hata zilizokuwa kwangu, wakazipeleka maabara kubwa. Zina jelatini, mama! Ngozi na kwato za ng'ombe zilizochemshwa, ndizo zinazong'arisha zile zabibu juu ya biskuti."

"Lakini zilipimwa."

"Zilipimwa hapa hapa, mbele ya macho yangu, zikatoka kijani. Sasa hapo tunaelewa nini?" Masima alishusha sauti. "Sechelela aliniletea katoni safi ya kupimwa, kisha akawa ananiletea zile mbovu kimyakimya. Ulimi haukosei. Damu yako, mama, tangu tuijue haijatudanganya hata siku moja."

Wanawake wawili waliokuwa wakichagua vitunguu wakaitikia. Mmoja alimshika Mwaja bega, akamwombea maisha marefu. Mwaja aliishukuru dua ile akatoka, na alipofika nje ndipo aliposikia Masima akimwita kwamba amesahau chumvi yake.

Hakurudi kuichukua. Alitembea haraka kuliko kawaida ya mwanamke wa umri wa miaka hamsini na miwili, na uso ulikuwa ukimwaka kama aliyechutamia moshi wa kuni mbichi.

*

Nyumbani kwake, juu ya jokofu, kulikuwa na paketi ya biskuti hizo hizo. Sechelela mwenyewe ndiye aliyempa Jumapili, baada ya ibada. Mwaja hakuwa ameifungua.

Bodi ilikuwa imempa ulimi wake binafsi siku alipochaguliwa kuwa mtoa damu wa kanda, pamoja na cheti cha shukrani. Aliushusha ukutani, akauweka mezani. Akachana paketi, akaweka punje kwenye kijiko, akakaa kusubiri mikono ikiwa katikati ya magoti.

Taa ilikuwa ya kijani. "Kula, mwanangu," alisikia sauti yake. "Ni salama."

Basi akafungua jokofu. Nyuma ya chupa ya siki kulikuwa na kichupa kidogo chenye karatasi ya tarehe, cha mwaka mmoja na nusu uliopita. Bila kichupa kama hicho ulimi haufanyi kazi. Ndani yake huwamo chembe hai zilizokuzwa kutoka katika damu ya mtu mgonjwa, na zikiwekwa kwenye baridi hudumu miaka miwili. Mashine za maabara hutafuta kile ulichoziambia zitafute, na hutaka saa nyingi. Chembe za mtu aliyeumwa na kupe hazihitaji kuambiwa. Zikigusa sukari ile iliyomo katika mwili wa kila mnyama anayenyonyesha, isipokuwa binadamu na jamaa zake nyani, zinapandwa na hasira, na hasira yao ndiyo inayowasha taa nyekundu. Haijalishi sukari imejificha kwenye samli, kwenye jelatini au kwenye unga wa maziwa ulioandikwa "viungo asilia" kwa herufi za kupofusha macho.

Alitoa kichupa kipya kwenye ulimi, akapachika cha zamani. Akaweka punje nyingine ya biskuti ile ile.

Hakusubiri hata nusu ya muda. Taa ilikuwa nyekundu.

Mwaja alikaa akiitazama mpaka ikajizima. Alikuwa akijua tangu dukani, tena tangu Masima alipotaja jelatini, lakini kuna kujua na kuna kuonyeshwa. Damu yake ya zamani ilimtambua adui. Damu yake ya sasa ilimsahau, na aliyeifanya isahau ni yeye.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Ugonjwa wa kupe si wa milele. Usipoumwa tena, mwili husahau polepole, na baada ya mwaka au zaidi unaweza kula nyama kama watu. Kwa mgonjwa wa kawaida hiyo ni heri. Kwa mtoa damu wa kanda ni marufuku. Kila baada ya miezi sita, Mwaja alipewa kupe kumi na wawili ndani ya kikopo cha wavu, akifunge pajani siku tatu, wamuume washibe, kisha arudi Nyumba ya Damu kuonyesha alama na kutoa damu. Alifanya hivyo miaka sita. Alipewa posho, heshima na kiti cha mbele kila penye mkutano.

Kitu kimoja hakupewa. Kwa ukoo wao, harusi ya binti haina chakula mpaka shangazi wa bibi harusi akae mbele ya watu, apewe figo la ng'ombe aliyechinjwa, alile lote, kisha aseme, "Limeiva." Hapo ndipo masufuria hufunguliwa. Mwaja hakuwa na mtoto. Alikuwa na Nyemo, binti wa kaka yake Ndahani, ambaye alimlea tangu akiwa mchanga. Na figo ndiyo nyama inayomuua mgonjwa wa kupe upesi kuliko nyama zote. Katika harusi za mabinti wengine wa ukoo, kiti chake alikikalia binamu yake mmoja mnene aliyekula kwa sauti, na watu walimwita shangazi wa kukodi. Mwaja alicheka pamoja nao. Akirudi nyumbani, alilia.

Nyemo alipochumbiwa, kikopo cha kupe kilipoletwa, Mwaja alikitumbukiza kwenye maji ya moto. Akafunga pajani kikopo cha maiti. Siku ya tatu alijidunga kwa sindano akapaka pilipili, ngozi ikavimba vizuri kabisa. Miezi sita baadaye alifanya hivyo tena. Na miezi miwili iliyopita, mbele ya watu mia tatu wa ukoo, alikula figo lote akasema, "Limeiva," na Nyemo alimwangukia shingoni akilia kwa furaha. Wote walidhani Mungu amemfanyia shangazi muujiza wa siku moja. Mwaja aliwaacha wadhani hivyo, na aliwaomba wasitangaze nje ya ukoo, eti Bodi itamnyang'anya posho. Ukoo mzima ulimfichia. Hata hivi sasa, akiwa amekaa mbele ya taa iliyozimika, aliona haya kwamba siku ile ilikuwa siku nzuri kuliko zote maishani mwake.

*

Sechelela alikuja alasiri, kwa mlango wa uani, kama mtu anayekwepa macho. Alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, ambaye kwa kawaida alianza kuongea kabla hajavuka kizingiti. Siku hiyo alikaa kwanza kwenye kigoda, akauweka mkoba wake mapajani.

"Karibu chai, mwenzangu," Mwaja alisema.

"Dada Mwaja, mimi nimeua mtu."

"Mwalimu hajafa."

"Bado." Sechelela alijifuta uso kwa pembe ya khanga. "Ule unga wa kung'arisha zabibu, yule wakala aliniambia umetokana na mwani wa baharini. Umeandikwa hivyo kwenye mfuko, na picha ya mwani. Nilipeleka ukapimwa, kijani. Biskuti zikapimwa, kijani. Lakini maabara inasema jelatini imo. Basi lazima imeingia kwangu. Usiku kucha nimejiuliza imeingiaje. Siku niliyozioka, watoto waliniomba supu ya kongoro la ng'ombe. Huenda nilitumia mwiko ule ule. Sikumbuki, dada. Huenda."

"Mwiko mmoja hauwezi..." Mwaja alianza, akaishia hapo.

"Ulimi wako haukosei. Kwa hiyo nimekosea mimi. Kesho Bodi inakaa ukumbi wa kata. Wanasema nikishikilia kwamba sijui, ni miaka mitatu ndani, na sitauza chakula tena mpaka nife. Nikikiri, watanifungia jiko miezi sita tu na kuniandika kwenye kitabu." Alimtazama Mwaja usoni kwa mara ya kwanza. "Wewe unawajua watu wale. Nifanyeje?"

Hapa palikuwa na mlango, nao ulikuwa wazi, na hakuna aliyemzuia Mwaja kupita. Kichupa cha zamani kilikuwa bado mezani, hatua tatu kutoka kwenye goti la Sechelela. Angeweza kusema maneno matano tu. Aliyahesabu hata, kichwani. Kisha aliwaza kiti cha mbele, na Masima, na mkono wa yule mwanamke wa vitunguu begani mwake, na uso wa Nyemo akisikia kwamba figo la harusi yake limemlaza mtu hospitali.

"Kiri," alisema. "Miezi sita itapita. Watu husahau."

Sechelela alikubali kwa kichwa. "Asante, dada. Nilijua utaniambia ukweli."

Alipoondoka, chai yake ilikuwa imepoa bila kuguswa. Mwaja aliimwaga uani, akaosha kikombe, akakiosha tena. Kisha aliketi sakafuni jikoni akajifunika uso kwa viganja, ingawa hakukuwa na mtu wa kumwona.

*

Nyumba ya Damu ilifungua saa moja asubuhi. Chiwanga, fundi wa chembe, kijana wa miaka thelathini mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimkuta Mwaja amekwisha kufika, amekaa kwenye ngazi.

"Shikamoo, mama. Mbona mapema? Kupe wako hawajafika, wanakuja wiki ijayo."

"Marahaba. Chiwanga, hao kupe wa mara mbili zilizopita hawakuniuma. Niliwaua kwa maji ya moto."

Alimweleza yote akiwa amesimama, akiitazama sakafu. Kijana hakumkatiza. Alipomaliza, Chiwanga alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Lakini nilizijaribu chembe zako," alisema. "Kila mara. Naziwekea mchuzi mzito wa ng'ombe. Ziliamka."

"Mchuzi mzito hata kiziwi anausikia. Biskuti zina kidogo tu."

Chiwanga aliketi. Alipoongea tena sauti ilikuwa imeshuka. "Kitabu cha kazi kinasema nikague alama kwa kioo cha kukuzia. Meno ya kupe huacha tundu la namna yake, uongo wako ungeonekana mara moja. Sikukagua hata mara moja, mama. Si kwako. Ulikuwa unapandisha gauni, mimi nageukia dirishani, nakuuliza kama zimevimba, wewe unasema ndiyo, naandika ndiyo." Alimeza mate. "Una umri wa mama yangu. Nitaangaliaje paja la mama yangu? Niliona haya."

Wote wawili walikaa na haya zao, kila mtu na zake. Nje mtu alikuwa akifagia uwanja.

Kisha Chiwanga akaanza kufikiri, na Mwaja aliona jinsi fikra zile zilivyomrudishia rangi usoni. Kanda ya Ziwa ina mtoa damu wake, alisema, na akiba ya vichupa ipo. Ndani ya siku nne wanaweza kubadilisha vyote, maduka elfu kumi na moja, na kusema ni marekebisho ya kawaida. Hakuna atakayejua. "Tukisema ukweli, mama, leo hii watu watang'oa ndimi zote ukutani. Hawatauamini hata ule wa Ziwa. Wagonjwa laki tatu wa kanda hii watakula nini? Watarudi kusoma maandishi ya paketi, na wewe unajua maandishi ya paketi yalivyozika watu. Tukinyamaza, tunaokoa wengi."

"Na Sechelela?"

"Miezi sita," alisema Chiwanga bila kumtazama. "Si mingi."

Yalikuwa maneno yake mwenyewe ya jana. Kuyasikia kutoka kwa mwingine kulimfanya ayaone yalivyo: hayakuwa na hesabu ya wengi wala wachache ndani yake, yalikuwa maneno ya mtu anayetafuta mahali pa kujificha. Huenda Chiwanga alikuwa sahihi kuhusu ndimi. Mwaja hakuwa na elimu ya kumshinda. Alijua tu kwamba ikiwa lazima mtu abebe jambo hili ili laki tatu wale, mtu huyo asiwe mwanamke aliyechanganyikiwa mpaka anajitungia hatia ya mwiko.

"Agiza vichupa vya Ziwa," alimwambia. "Agiza sasa hivi, na waambie wenye maduka wasipime kitu mpaka vifike. Mimi naenda kata."

"Mama, nitafukuzwa kazi."

"Ndiyo, mwanangu," alisema Mwaja. "Nadhani utafukuzwa."

*

Ukumbi wa kata ulijaa mpaka madirishani. Mbele, nyuma ya meza yenye kitambaa cha kijani, aliketi mwenyekiti wa Bodi, Bi Eliamani, mwanamke mkavu asiyepoteza maneno, na kando yake muuguzi aliyeletwa kueleza hali ya mgonjwa. Mezani zilipangwa paketi za biskuti, zimebandikwa karatasi ya maabara: jelatini ya ng'ombe, imethibitishwa. Sechelela alikuwa amekwisha kusimama. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani.

"Nakiri," alikuwa akisema, "kwamba kwa uzembe wangu, kwa mwiko ambao..."

"Hakuna mwiko," Mwaja alisema kutoka mlangoni.

Watu walimpisha. Alipita katikati yao mpaka mbele, na akaeleza: kupe, maji ya moto, sindano, pilipili. Alisema ulimi wa kanda nzima haujui kitu tangu mwaka mmoja uliopita, na kwamba Sechelela alidanganywa na mfuko wa unga na kisha akadanganywa na damu ya Mwaja.

Aliponyamaza alisubiri wamzomee. Badala yake, mtu mmoja alipiga makofi.

"Huyo ndiye mama yetu!" alipaza sauti Masima kutoka nyuma. "Anajitwisha mzigo wa mwenzake!"

Makofi yakaenea. Mwanamke mmoja alipiga kigelegele. Mwaja aligeuka huku na huku, akasema, "Hapana, sikilizeni, ni kweli," na kila aliposema hivyo walimpenda zaidi. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Aibu ya kushutumiwa alikuwa amejiandaa nayo. Hii ya kusifiwa ilikuwa inamchuna ngozi.

Bi Eliamani aligonga meza. "Bi Mwaja, huruma yako tunaiheshimu. Ila Bodi inahitaji ushahidi."

Mwaja alikuwa ameacha kichupa cha zamani nyumbani, mezani, kwa haraka za asubuhi. Alitazama zile paketi. Akachukua moja, akaichana, akatia biskuti mdomoni.

Ukumbi ulilipuka. Muuguzi aliruka juu ya benchi akijaribu kumshika mkono, lakini Mwaja alikuwa amekula ya pili na anatafuna ya tatu. Zilikuwa tamu. Sechelela alikuwa fundi kweli.

"Ugonjwa wa kupe hauna haraka," alisema alipomeza. "Sote tunajua. Unakula asubuhi, unaanguka mchana. Sasa ni saa nne na nusu. Mwenyekiti, naomba tukae mpaka saa tisa na nusu. Nikivimba, mimi ni mwongo na Sechelela afungwe. Nisipovimba, mtajua ninyi wenyewe."

Muuguzi alijaza sindano ya dawa akaiweka tayari. Gari la wagonjwa liliitwa, likaegeshwa mlangoni injini ikinguruma. Mwaja alipewa kiti peke yake mbele ya ukumbi, na hakuna aliyeondoka.

Sechelela alivuta benchi akaketi pembeni yake, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Umejiua kwa ajili yangu," alimnong'oneza, machozi yakimtiririka. "Dada yangu, kwa nini? Mimi nilikuwa tayari."

"Sifi, Sechelela. Ndilo ninalowaambia."

"Usiongee. Pumzika."

Alimpepea kwa khanga. Alimfuta jasho la paji la uso. Muuguzi alipima mapigo kila nusu saa na kuyasoma kwa sauti, na kila aliposoma, Sechelela alimbana mkono zaidi na kusema, "Bwana, usimchukue." Watu walianza wimbo wa maombi nyuma. Mwaja alikaa wima katikati ya upendo ule wote, na hakuwa na mahali pa kuweka macho.

Saa sita ilipita. Saa saba ilipita. Saa nane, muda ambao Mwalimu Mnyampala alianguka juu ya kinanda, wimbo ulikatika wenyewe. Watu walinyanyua shingo. Muuguzi alimwangalia midomo, akamfunua mikono, akamtazama nyuma ya masikio. Ngozi ilikuwa laini, haina hata kipele.

"Kawaida," alisema, na mara hii hakusoma tarakimu.

Katika kimya kilichofuata, tumbo la Mwaja lilinguruma. Lilisikika mpaka safu ya tatu. Alikuwa na njaa, kama mtu yeyote mzima ambaye hajala cha mchana.

Hapo ndipo ukumbi ulipoanza kubadilika, polepole, kama maziwa yanapoganda. Mama mmoja alimtazama binti yake aliyekuwa amebeba paketi ya kaukau, akamnyang'anya. Mzee mmoja alianza kuhesabu kwa vidole, na Mwaja alijua anahesabu nini: mafua yale ya ajabu ya mwezi wa tatu, tumbo lile la Pasaka, mabaka ya mke wake waliyodhani ni ya joto. Masima alikuwa amesimama ameshika kofia, anaangalia sakafu. Hakuna aliyezomea. Mmoja mmoja walitoka, wakimpitia mbali, na waliobaki hawakumtazama.

Saa tisa na nusu, Bi Eliamani alifunga kalamu yake. Alisema mashtaka dhidi ya Sechelela yamefutwa, na kwamba Bi Mwaja asiondoke. Muuguzi alirudisha dawa kwenye mkoba wake. Nje, gari la wagonjwa lilizima injini.

Mkono wa Sechelela ulikuwa bado umeushika wa Mwaja. Ulikuwa umelowa jasho la saa tano. Mwaja hakuthubutu kuusogeza. Alihisi jinsi vidole vile vilivyokuwa vikifikiri, kidole kwa kidole, vikirudi nyuma: ukumbini, kwenye kiti cha mbele, mpaka jana alasiri, jikoni, kwenye chai iliyopoa.

"Jana nilipokuja kwako," Sechelela alisema taratibu, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniambia nikiri."

"Ndiyo."

Sechelela aliuachia mkono. Aliuweka juu ya goti la Mwaja kwa uangalifu, kama kitu cha mtu mwingine kinachorudishwa kwa mwenyewe, akachukua mkoba wake, akatoka kwenda hospitali kumwangalia Mwalimu.